Kwa Nini Mgonjwa wa Mapafu Hufundishwa Kutembea

Sogeeni karibu, wanangu, leo nawasimulia habari ya pumzi.

Zamani, mtu mwenye ugonjwa sugu wa mapafu akienda kwa daktari aliambiwa apumzike, asijichoshe. Nani angebisha? Mtu anahema baada ya hatua kumi, utamwambia nini kingine? Basi alitii. Akaketi kibarazani, maji akaletewa, sokoni akatumwa mwingine. Lakini hali ikazidi kuwa mbaya. Mwezi uliopita alifika kwa jirani. Mwezi huu hafiki chooni bila kushika ukuta.

Mwaka 1952 huko Marekani, daktari Alvan Barach na wenzake waliandika jambo la ajabu: wagonjwa wao waliozoezwa kutembea kidogo kidogo walianza kwenda mbali zaidi bila kutweta. Miaka mingi ikapita kabla ushauri wa kupumzika haujaachwa. Katika miaka ya 1960, Thomas Petty na wenzake mjini Denver walianzisha mpango kamili wa kuwafundisha na kuwazoeza wagonjwa wa namna hiyo. Huduma hii siku hizi huitwa utengamao wa mapafu.

Sasa nawauliza: je, mazoezi huponya mapafu? Hayaponyi. Ndani ya kifua mna vifuko vya hewa mamilioni kwa mamilioni, vidogo mno. Moshi wa sigara, moshi wa kuni wa miaka mingi, vumbi la migodini na makovu ya kifua kikuu huviharibu, na kilichoharibika hakioti tena. Kinachopona ni miguu. Msuli usiotumika hudhoofika. Ukidhoofika, huchoka mapema na kutoa tindikali, na tindikali hiyo huufanya ubongo udai pumzi zaidi kutoka kwa mapafu ambayo tayari yameelemewa. Msuli wenye nguvu hufanya kazi ileile kwa pumzi chache. Mapafu ni yaleyale, ila mzigo umepungua. Mimi kila nikilifikiria jambo hili hustaajabu upya.

Njooni tuchungulie hospitalini. Kuna ukumbi wa mita 30, na koni imewekwa kila mwisho. Bibi mmoja mgonjwa anavishwa kidoleni kifaa kinachopima oksijeni katika damu, kisha anaambiwa atembee kwa mwendo wake, aende na kurudi kwa dakika sita. Akichoka anaruhusiwa kusimama na kuegemea ukuta, lakini saa haisimamishwi. Baadaye anaulizwa: kutoka 0 hadi 10, pumzi imekubana kiasi gani? Umbali aliokwenda unaandikwa, maana ndio utakaolinganishwa na ule wa mwisho wa mafunzo.

Kisha kazi huanza, mara mbili au tatu kwa wiki, kwa wiki sita hadi nane. Kutembea, kupanda kidaraja na kushuka, kuinuka kitini bila kujishika, kunyanyua chupa zilizojazwa maji. Bibi hufundishwa pia kupumua: avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama anayepuliza uji wa moto. Pumzi ikitoka hivyo, vijia vyembamba vya hewa havijifungi mapema, na hewa iliyokwisha kutumika haikwami ndani. Akipanda ngazi, atoe pumzi wakati anakanyaga.

Msidhani haya ni ya Marekani tu. Katika Hospitali ya Mulago, Kampala, watafiti wa Uganda na wenzao wa Uingereza waliwapa huduma hii watu waliokwisha kutibiwa kifua kikuu. Vijidudu vilikuwa vimekufa, makovu yakabaki. Walizoezwa mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba walitembea mbali zaidi kuliko mwanzo. Linaloniuma ni kwamba huduma hii haiko katika hospitali nyingi, ilhali mahitaji yake makubwa ni kiti, ukumbi na mtu aliyesomea kazi hiyo.

Mafunzo yakiisha, mazoezi hayaishi, kwa sababu misuli ikiachwa hulegea tena. Hapo ndipo ninyi mnapohitajika. Ikiwa babu au bibi ana maradhi haya, na mhudumu wa afya amemruhusu kutembea, mfuateni jioni kwa mwendo wake, si wenu. Msimnyang'anye kila kazi kwa kumhurumia. Akisimama, simameni naye, msimvute mkono, wala msimwulize maswali mpaka pumzi imrudie, kwani anayehema hawezi kuzungumza na kupumua kwa pamoja.