Ukishitakiwa kwa Deni, Usijifiche

Mtaani Mwembesongo, mjini Morogoro, kama ilivyo katika miji yetu mingi, mikopo ya riba kubwa imekwisha kupewa jina lake: kausha damu. Wakopaji ni mama lishe anayewasha mkaa alfajiri, kijana wa bodaboda, mchuuzi anayefuata mboga za Mgeta katika Soko Kuu la Chifu Kingalu. Fedha hupatikana kwa dakika chache. Taabu huanza marejesho yanapochelewa, hata siku moja hodi inapigwa na mtu mwenye karatasi ya mahakama.

Wengi huidhania hati ya wito kuwa ndiyo hukumu. Mmoja huificha chini ya godoro. Mwingine hupanda milimani kwa ndugu zake Matombo mpaka mambo yapoe. Mambo hayapoi. Mdaiwa asipofika, mdai huweza kuthibitisha madai yake peke yake, na hukumu ikatolewa kwa upande mmoja. Yawezekana kuomba hukumu hiyo iondolewe, lakini ni lazima kuonyesha sababu ya kutosha ya kutofika, na woga si sababu.

Basi isome hati: ni mahakama gani, tarehe gani, nani anadai, tena kiasi gani. Katika Mahakama ya Mwanzo shauri huendeshwa kwa Kiswahili. Likiwa Mahakama ya Wilaya, kwa kawaida utetezi wa maandishi hutakiwa ndani ya siku 21 tangu kupokea hati, nazo huisha upesi kuliko mshahara.

Kukubali kwamba ulikopa si kukubali kila shilingi inayodaiwa. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni. Kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana za watu, Benki Kuu imeweka kikomo cha riba cha asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa shilingi 200,000, hiyo ni shilingi 7,000. Anayetozwa 40,000 ana haki ya kuuliza, mbele ya hakimu, hesabu hiyo imetoka wapi. Na leseni je? Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila kibali. Hilo halifanyi fedha ulizopokea kuwa zawadi. Lina maana tu kwamba unalo la kusema.

Mwenye kudai ndiye mwenye mzigo wa kuthibitisha. Hata hivyo usiende mikono mitupu: chukua nakala ya mkataba, stakabadhi, na jumbe za malipo ya simu, hata zile za shilingi elfu mbili mbili.

Tuje kwenye vyombo vya ndani, maana hapo ndipo watu huonewa zaidi. Deni la mkopo ni shauri la madai. Vijana wa kukusanya madeni hawawi dalali wa mahakama kwa sababu tu wamekuja na gari. Mali iliyowekwa dhamana kwa mkataba ina taratibu zake, lakini nyingine haichukuliwi pasipo amri ya mahakama. Hata baada ya hukumu, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inakinga nguo, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake, zana za fundi, na nyumba anayoishi, isipokuwa kama ameiweka rehani. Ajabu ni kwamba sufuria na godoro, vilivyotajwa mwanzo kabisa katika kinga hiyo, mitaani ndivyo hubebwa mwanzo.

Ukishindwa, waweza kuiomba mahakama ulipe kwa awamu. Usiporidhika na uamuzi wa Mahakama ya Mwanzo, una siku 30 za kukata rufani Mahakama ya Wilaya. Kwa asiyemudu wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, ambao hawatozi ada. Mahakama za ngazi mbalimbali, kuanzia ya Mwanzo hadi Kuu, zimewekwa pamoja katika Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha Morogoro, kilichozinduliwa Oktoba 2021. Ulizia huko mapema, na ile karatasi uwe nayo mkononi.