Jinsi Kinanda cha Kielektroni Kinavyoupima Mkono wa Mpigaji

Mpiga ngoma hahitaji kuelezwa kwamba pigo zito hutoa sauti kubwa na pigo jepesi hutoa sauti ndogo. Ngozi ya ngoma huipokea nishati ya mkono na kuigeuza papo hapo kuwa mtetemo. Katika kinanda cha kielektroni mambo ni tofauti. Kati ya kidole na sauti hakuna ngozi wala uzi; kuna swichi, nyaya na hesabu. Je, chombo cha namna hiyo hujuaje kwamba kitufe kimebonyezwa kwa upole au kwa nguvu? Na kikiuelewa vibaya mkono wa mpigaji, hurekebishwaje?

Kutoka nyundo hadi volteji

Swali hili ni la zamani kuliko umeme. Katika hapsikodi, uzi hudonolewa na kijiti kidogo, na nguvu ya kidole haibadilishi sana ukubwa wa sauti. Karibu na mwaka 1700, fundi Bartolomeo Cristofori wa Florence, Italia, alitengeneza kinanda ambacho kila kitufe chake hurusha nyundo kwenye uzi. Kadiri nyundo inavyokwenda kasi, ndivyo sauti inavyokuwa kubwa. Jina la piano limetokana na maneno mawili ya Kiitalia, piano na forte, yaani sauti ndogo na sauti kubwa.

Mwaka 1964 Robert Moog wa Marekani, akishirikiana na mtunzi Herbert Deutsch, aliunda sintesaiza ya moduli. Chombo hiki ni mkusanyiko wa vifaa vinavyounganishwa kwa nyaya: kimoja huzalisha mitetemo ya umeme, kingine huichuja, na kingine huikuza. Kila kifaa huamrishwa kwa volteji. Katika utaratibu wa Moog, volti 1 ni sawa na oktava moja. Volteji ikiongezeka kwa volti 1, idadi ya mitetemo kwa sekunde huwa maradufu.

Hata hivyo, vinanda vya kawaida vya sintesaiza hizo za mwanzo vilitoa habari mbili tu: ni kitufe gani kimebonyezwa, na kimebonyezwa lini. Havikueleza kimebonyezwa vipi. Wendy Carlos, aliyetoa sahani ya Switched-On Bach mwaka 1968, alitumia kinanda kilichoundwa mahususi ili kihisi mguso wa vidole.

Kinachopimwa ni muda

Watu husema kwamba kinanda hupima nguvu ya kidole. Kwa kawaida sivyo. Chini ya kila kitufe huwekwa swichi mbili. Ya kwanza hufunga kitufe kinapoanza kushuka, na ya pili hufunga kinapokaribia mwisho wa safari yake. Mashine huhesabu muda uliopita kati ya matukio hayo mawili, na kwa kuwa umbali haubadiliki, kasi hupatikana kwa kugawa umbali kwa muda.

Ichukuliwe kwamba umbali huo ni milimita 5. Kitufe kikitumia milisekunde 50, kasi yake ya wastani ni mita 0.1 kwa sekunde. Kikitumia milisekunde 5, kasi ni mita 1 kwa sekunde. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Muda ukipungua kutoka milisekunde 50 hadi 49, kasi huongezeka kwa asilimia 2 tu. Lakini ukipungua kutoka 5 hadi 4, kasi huongezeka kwa asilimia 25. Kwa hiyo saa ya mashine isiyo na wepesi wa kutosha hukosea zaidi katika mapigo ya haraka.

Mwaka 1983 watengenezaji wa ala walianza kutumia lugha moja ya mawasiliano kati ya vyombo vyao, iitwayo MIDI. Katika lugha hiyo kasi ya kitufe hutajwa kwa namba kati ya 1 na 127. Kasi sifuri huchukuliwa kuwa amri ya kuinyamazisha noti. Namba hiyo ikifika kwenye sintesaiza ya moduli, hugeuzwa kuwa volteji, kwa mfano kati ya volti 0 na 5.

Sikio nalo lina hesabu yake

Ichukuliwe sasa kwamba volteji hiyo inaamrisha kikuza sauti kwa uwiano wa moja kwa moja. Ikipanda kutoka volti 1 hadi 2, sauti huongezeka kwa desibeli 6. Ikipanda kutoka volti 4 hadi 5, sauti huongezeka kwa desibeli zisizofika 2. Hatua ni ileile moja ya volti, lakini sikio hupokea mabadiliko yasiyolingana. Matokeo yake ni kwamba mapigo ya upole huruka kwa ghafla, na mapigo ya nguvu yote huonekana kufanana. Ndiyo sababu baadhi ya vikuza sauti huundwa ili kila hatua ya volteji iongeze idadi ileile ya desibeli.

Namna ya kurekebisha

Marekebisho ya kwanza ni ya mstari mnyoofu. Mpigaji hubonyeza kwa upole awezavyo, kisha kwa nguvu awezavyo, na volteji hupimwa kila mara. Ikiwa vipimo ni volti 1.5 na volti 3.5, na sintesaiza inahitaji volti 1 hadi 5, mlinganyo unaofaa ni y = 2x − 2. Moduli moja huzidisha volteji kwa 2, na nyingine hupunguza volti 2. Aljebra ya darasani imekuwa kazi ya nyaya.

Marekebisho ya pili ni ya kupinda mstari. Namba ya kasi hugawanywa kwa 127, jibu hupandishwa kwenye kipeo cha pili, kisha huzidishwa tena kwa 127. Hapo 64 huwa 32, na 96 huwa 73. Mkono mzito hupata nafasi pana ya kupiga kwa upole. Kipeuo cha pili kikitumiwa badala yake, 32 huwa 64, na 64 huwa 90. Mkono mwepesi husikika. Katika njia zote mbili, 127 hubaki 127.

Tena, si lazima volteji yote iende kwenye kikuza sauti. Katika piano, pigo la nguvu huifanya sauti iwe kali zaidi, siyo kubwa tu. Sehemu ya volteji ikipelekwa kwenye kichujio, sintesaiza nayo huweza kufanya hivyo.

Chombo kwa ajili ya mtu

Jambo hili si la mafundi peke yao. Mtoto, mzee na mtu aliyezoea vitufe vizito vya piano hawabonyezi kwa kasi moja. Kinanda kilichopangwa kwa mkono wa aina moja tu huweza kumfanya mwanafunzi aambiwe kwamba hana hisia ya muziki, kumbe hisia anayo, ila mashine haikuisoma. Vinanda vingi vinavyotumika leo kanisani na katika taarabu vina mpango wa kubadilisha wepesi wa mguso, na mwalimu hana budi kuutafuta kabla ya kumhukumu mwanafunzi.

Mwalimu wa hisabati au fizikia anaweza kuwapa wanafunzi zoezi hili: wachore grafu ya kipeo cha pili na ya kipeuo cha pili kuanzia 0 hadi 127, kisha waeleze ni ipi inayomfaa mpigaji mwenye mkono mwepesi, na kwa nini. Watatambua kwamba kipimo hutoa namba tu. Maana ya namba hiyo huamuliwa na mtu, naye anaweza kuibadilisha.