Kuvua Tairi kwa Zana za Mkono: Maneno na Utaratibu

Katika mazoezi ya kuandika maelekezo, wanafunzi wengi hutumia "kubadilisha tairi" kwa kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kubadilisha gurudumu zima kwa jeki na spana. Ya pili, tunayoieleza hapa, ni kulitoa tairi kwenye rimu, kama wafanyavyo mafundi wa pancha kwa mitaimbo midogo miwili.

Kwanza, fungua kiini cha valvu ili upepo wote utoke. Pili, bandua kingo za tairi kwenye rimu, pande zote mbili, kisha zipake maji ya sabuni. Tatu, ingiza mitaimbo na uinue ukingo wa juu kidogo kidogo.

Hapa ndipo wengi hukwama, wakaongeza nguvu. Ukingo una waya za chuma ndani yake, kwa hiyo haunyumbuki. Lakini katikati ya rimu kuna bonde. Kandamiza kwa goti sehemu ya ukingo iliyo mkabala na mitaimbo hadi iingie bondeni. Ndipo upande wako utapata nafasi ya kuvuka. Ukilazimisha, utaharibu ukingo.

Wakati wa kujaza upepo, usizidishe psi 40 ili kingo zikae. Zikigoma, toa upepo, paka sabuni tena. Tairi likipasuka huweza kuua.

Mwalimu asisitize neno "mkabala". Likiachwa, sentensi zitabaki sahihi kisarufi, lakini tairi halitatoka.