Pareto, mawe ya Tabaka na uongo kuhusu ukiritimba

"Aliye peke yake sokoni hupanga bei atakavyo." Uongo, na wazee wa Kisii na Nyamira waliolima pareto wanaujua ushahidi. Kwa miongo mingi maua yao yalikuwa na mnunuzi mmoja tu kisheria, Bodi ya Pareto ya Kenya, yenye makao Nakuru. Malipo yalipochelewa, wengi waliing'oa pareto wakapanda chai, ndizi au mahindi. Ng'ambo nako, ingawa Kenya iliongoza duniani kwa zao hilo, watengenezaji wa dawa za wadudu walipata kemikali za maabara zinazoua wadudu kama pareto. Mwenye ukiritimba akipanga bei, kiasi kinaamuliwa na wengine. Soko lilipofunguliwa kisheria mwaka 2013, mashamba mengi yalikuwa yameshabadili mmea. Hasara hiyo ilikuwa ya mkulima kwanza.

"Ukiritimba umepigwa marufuku." Uongo. Sheria ya Ushindani ya 2010 haikatazi mtu kutawala soko. Inakataza kuitumia vibaya nguvu hiyo. Umeme wa Kisii mjini na wa Nyansiongo unasambazwa na Kenya Power pekee, na bei yake huidhinishwa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati. Kampuni mbili zingesimamisha nguzo kando ya barabara moja, gharama zote mbili zingetulemea sisi wateja.

"Wauzaji wakiwa wengi, huo ni ushindani kamili." Uongo, tena huu ndio unaoumiza watu wa Tabaka, Kisii. Wachongaji wa mawe ya sabuni huko ni wengi mno, lakini kazi zao hazifanani kama gorogoro mbili za mahindi. Kiboko wa huyu ana shingo yake, sahani ya yule ina rangi na msasa wake. Kila mmoja ana ukiritimba mdogo juu ya mtindo wa mkono wake, kwa hiyo anaweza kuomba bei ya juu kidogo bila kukimbiwa na wateja wote. Wanauchumi huiita hali hii ushindani wa kiritimba. Mtindo ukilipa, majirani huuiga, na faida ya ziada hupungua hadi kuisha.

Mchongaji anayeuza kwa jumla kazi isiyo na jina humwachia dalali hata ukiritimba huo mdogo, kwani dalali ndiye anayemjua mteja. Jina likichongwa chini ya sanamu, mnunuzi wa Nairobi au London anaweza kumtafuta mwenyewe mara ya pili.