Hitilafu za Kuhamisha Faili kwa Mbali kutoka ndani ya Kihariri Matini: Mfano wa Data za Lugha za Nachingwea na Ruangwa

1.0 Utangulizi

Wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, zina utajiri mkubwa wa lugha. Kimwera, ambacho sarufi yake iliyoandikwa na Lyndon Harries ilichapishwa mwaka 1950, huzungumzwa katika eneo hilo pamoja na Kimakonde, Kiyao na Kimakua. Mtafiti anayekusanya msamiati na masimulizi huko huweza kuandika data zake katika kihariri matini, yaani programu ya kuandikia maandishi yasiyo na mapambo, na kuzihifadhi moja kwa moja katika seva ya chuo kikuu iliyoko Dar es Salaam. Makala haya yanaeleza kwa nini kazi hiyo hukwama na namna ya kutambua chanzo cha tatizo. Hoja yake kuu ni kwamba hitilafu inayokatiza kazi haina madhara makubwa kama ile inayopita kimyakimya na kugeuza herufi za data.

2.0 Kinachotendeka ndani ya kihariri

Katika Emacs, kazi hii hufanywa na TRAMP, ambayo ni sehemu ya programu hiyo tangu toleo la 22 la mwaka 2007. Mtumiaji akiandika anwani ya mfano wa /ssh:jina@seva:/saraka/faili, TRAMP huita SSH, itifaki iliyobuniwa na Tatu Ylönen nchini Finland mwaka 1995. Baada ya kuingia kwenye seva, hungojea alama inayoonyesha kuwa seva iko tayari kupokea amri, kisha hutoa amri kana kwamba ni mtu aliyeketi mbele yake. Katika Vim, netrw huleta nakala ya muda na kuirudisha kila faili linapohifadhiwa.

Kwa hiyo tendo linaloonekana kuwa moja lina tabaka kadhaa: mtandao, SSH, mfumo wa amri wa seva, ruhusa za saraka na usimbaji wa herufi. Kihariri huzificha zote.

3.0 Hitilafu zinazojitokeza

Dalili iliyozoeleka ni kihariri kuganda. Hatua ya kwanza ni kuingia kwenye seva kwa SSH nje ya kihariri. Ikishindikana, kosa halimo katika kihariri. Endapo SSH inaonya kwamba ufunguo wa seva umebadilika, onyo hilo lisifutwe kabla ya msimamizi wa seva kuthibitisha mabadiliko hayo.

SSH ikifanya kazi vizuri nje ya kihariri, ichunguzwe alama ya kungojea amri. Seva ambayo alama yake imepambwa kwa rangi huweza kuifanya TRAMP ingoje bila kikomo. Vilevile, seva inayotoa salamu kwa kila anayeingia huweza kuvuruga unakili wa scp. Kwa njia ya scp, TRAMP hutuma faili dogo ndani ya muunganisho uleule, lakini kubwa hulikabidhi kwa programu ya scp. Ndiyo maana orodha fupi ya maneno hufika ilhali masimulizi marefu yanakwama.

Mtandao wa simu ukikatika, kihariri huweza kuendelea kuamini kwamba muunganisho ungali hai. Amri ya tramp-cleanup-all-connections huuondoa, na kigezo cha tramp-verbose kikipewa thamani ya 6 huandika kumbukumbu ya mazungumzo baina ya kihariri na seva. Humo huonekana tabaka lililoshindwa.

4.0 Hitilafu za kimya

Herufi ŋ katika usimbaji wa UTF-8 ni baiti mbili. Programu inayozisoma kwa usimbaji wa Windows-1252 huonyesha Å‹, na á huwa Ã¡. Hapo data bado zinaweza kuokolewa, kwa kuwa baiti hazijabadilika. Lakini programu ikihifadhi ŋ katika usimbaji usio na herufi hiyo na kuweka alama ya kuuliza mahali pake, hakuna amri itakayoirejesha.

Hasara hiyo ni ya kiisimu. Hyman na Ngunga (1994) walitumia data za toni za Kiyao kupinga madai ya kinadharia kuhusu jinsi toni zinavyofungamana na silabi. Hoja ya aina hiyo haiwezi kujengwa juu ya orodha iliyopoteza alama za toni, na msomaji wa baadaye anaweza kudhani kwamba mtafiti hakuzisikia.

5.0 Hitimisho

Uchunguzi uanzie tabaka la chini na kupanda. Nakala ya kwanza ihifadhiwe katika kompyuta ya mtafiti, usimbaji uwe UTF-8 pande zote mbili, na baada ya kutuma, thamani ya SHA-256 ya faili ikokotolewe huku na kule. Tarakimu zake 64 zikilingana, kilichofika Dar es Salaam ndicho kilichoandikwa Ruangwa. Zisipolingana, nakala ya awali isifutwe, kwani mzee aliyesimulia huenda asipatikane tena kusimulia mara ya pili.