SEP na uzee: miguu ikikataa, si kila mara ni ugonjwa ule wa zamani

Mtu ameishi miaka mingi na ugonjwa wa mishipa ya fahamu. Asubuhi moja anaamuka, mguu unakataa. Nyumbani wanasema: "Ni ugonjwa wake ule ule," kisha wanangoja ipite. Akiwa amefikia miaka 60 na zaidi, kungoja vile kunaweza kumuua.

Ugonjwa wenyewe waganga wanauita kwa Kifaransa sclérose en plaques. Kwenye fishi ya hospitali wanaandika SEP. Charcot, muganga wa Paris, ndiye aliyeueleza vizuri mwaka 1868. Mshipa wa fahamu ni sawa waya wa umeme wenye kufunikwa na plastiki. Kwa mwenye SEP, kinga ya mwili inageuka na kula ile plastiki, ndani ya ubongo na uti wa mgongo. Ujumbe unachelewa ao haufike. Jicho linaona ukungu, miguu inakuwa mizito, mkojo hauzuiliki, na mtu anachoka hata kama hakufanya kazi. Mara nyingi unaanza kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaupata kuliko wanaume. Hauambukize. Wala si karuho, hata kama jirani anaapa.

Kwetu unatambuliwa mara chache. Kuuhakikisha kunaomba mashini ya IRM, na ile ni ya bei kali, haipatikane katika hospitali nyingi. Tena kuna magonjwa yanayofanana nao: kifua kikuu cha uti wa mgongo, kukosa vitamini B12, konzo inayoletwa na muhogo mchungu usiolowekwa vizuri. Konzo inakuja kwa ghafula kisha inasimama pale pale. SEP inakuja na kurudi, ao inasonga polepole miaka na miaka.

Wagonjwa wengi wanafika uzee nayo, na uzee hauji peke yake. Unakuja na tansio, sukari, mtoto wa jicho, mifupa kulegea, na prostate kwa wanaume. Tansio na sukari zisipofuatwa, mwenye SEP anapoteza kutembea mapema zaidi. Lakini huyu ndiye mgonjwa ambaye mara nyingi hapimwe tansio, juu kila mtu anaangalia miguu yake tu.

Namna gani kutofautisha? Saa inasaidia. Shambulio la SEP linapanda kwa masaa mengi ao siku kadhaa. Kiharusi kinaanguka kwa dakika: mdomo unapinda, mkono mmoja unalegea, maneno yanachanganyika. Likitokea hili, hakuna kungoja kesho, hakuna kumpa dawa za nyumbani: ni hospitali saa ile ile.

Halafu kuna malaria. Waya uliochubuka haupendi joto. Mwili ukipanda homa, hata jua kali tu, dalili za zamani zinarudi zote: miguu inalegea, macho yanafifia. Si lazima ugonjwa uwe umeongezeka. Homa ikishuka, nguvu inarudi kidogo kidogo. Kwa hiyo kitu cha kwanza ni kupima malaria, kisha kupima mkojo, maana maambukizo ya mkojo yanaweza kufanya vile vile, na kwa mzee yanaweza kuja hata bila homa kubwa. Mzee wa kiume anayeamuka mara tano usiku, aangaliwe prostate pia. Kuandika tu "ni SEP" ni kufunga fishi mapema.

Dawa nazo zinagombana. Shambulio kubwa la SEP linatibiwa na dawa za kortizoni, kwa siku chache, chini ya muganga. Zile dawa zinapandisha sukari na tansio, na zikitumiwa muda mrefu zinalegeza mifupa. Huku kwetu dexa inauzwa kwenye farmasi karibu sawa karanga, na kuna wanaoimeza kila wiki juu inaondoa maumivu na kuleta hamu ya kula. Kwa mzee mwenye miguu isiyo imara, mfupa uliolegea maana yake ni kuanguka mara moja na kuvunjika nyonga. Tena mtu aliyeizoea muda mrefu asiikate kwa ghafula. Muganga ndiye anapunguza polepole.

Mwaka 2023, OMS iliingiza dawa tatu za SEP kwenye orodha yake ya dawa za lazima, lakini kutoka orodha mpaka farmasi ya mtaa kuna safari ndefu. Wakati huu, mengine yanawezekana kwenye kituo cha afya: kupima tansio na sukari kila mwezi, kuacha tumbaku, kutembea kila siku kabla jua halijapanda, kulala ndani ya chandarua. Na mgonjwa abebe karatasi moja yenye majina ya dawa zote anazomeza, hata zile za mizizi, aionyeshe kwa kila muganga anayemwona.