Kanuni za maadili katika kampuni (2): Dola milioni sita zilizotoka benki kwa siku kumi

Katika sehemu ya kwanza tuliitazama Enron, kampuni ya nishati ya Marekani iliyotoa kitabu cha maadili chenye kurasa 64 mwezi Julai 2000, na ilipofika Desemba 2001 ikafilisika. Tulionyesha kwamba Enron haikukosa kanuni. Mwaka 1999 bodi yake ilikaa na kuamua rasmi kwamba kanuni ya mgongano wa maslahi isimguse mkuu wa fedha, ili aweze kuendesha kampuni za pembeni zilizofanya biashara na Enron yenyewe.

Leo turudi nyumbani. Ipo kesi iliyoanzia Dar es Salaam na kuishia mbele ya jaji wa London, na kwangu mimi inafundisha kuliko Enron, kwa sababu ndani yake utaona kanuni za maadili zikishindwa kazi mwanzoni, kisha zikiiokoa kampuni mwishoni.

Mwaka 2012 Serikali ya Tanzania ilikuwa inatafuta fedha za kugharimia mpango wake wa maendeleo. Benki mbili za kundi moja, Standard Bank ya London na Stanbic ya Dar es Salaam, ziliomba kazi ya kuitafutia mkopo wa dola milioni 600 kwa wawekezaji wa nje. Ada iliyotajwa mwanzoni ilikuwa asilimia 1.4. Baadaye ikapanda hadi asilimia 2.4, na ile asilimia moja iliyoongezeka ikawa fungu la kampuni ya hapa nchini iliyoitwa EGMA, iliyoingizwa kama mshirika wa Stanbic. Asilimia moja ya dola milioni 600 ni dola milioni 6. Kwa mujibu wa maelezo yaliyokubaliwa baadaye mahakamani London, mwenyekiti wa EGMA, ambaye pia alikuwa na hisa humo, ndiye aliyekuwa mkuu wa Mamlaka ya Mapato wakati huo. Haukupatikana ushahidi wa kazi yoyote iliyofanywa na kampuni hiyo kustahili malipo hayo.

Machi 2013 mkopo ukapatikana na fedha zikaingia. EGMA ikalipwa milioni zake sita kwenye akaunti iliyofunguliwa Stanbic. Ndani ya siku kumi hivi, sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa imeshachukuliwa taslimu.

Tusimame hapo kwanza, tuulize kanuni zilikuwa wapi. Standard Bank ilikuwa na sera ya kuzuia rushwa, tena iliyoandikwa. Ila sera hiyo haikueleza vizuri nani amchunguze mtu wa tatu pale ambapo benki mbili dada zinafanya kazi moja, na huyo wa tatu ameletwa na mmoja wao. Wafanyakazi waliosimamia dili upande wa London hawakufundishwa vya kutosha jambo hilo. Wakaliacha kwa Stanbic, wakiamini wenzao wa Dar es Salaam wanamjua mgeni wao. Waendesha mashtaka hawakudai kwamba watu wa London walijua kuna hongo. Walichodai ni kwamba hawakuuliza. EGMA ni akina nani? Wanafanya kazi gani hasa? Kwa nini ada ipande kwa kiasi kilekile wanacholipwa wao? Maswali haya angeweza kuyauliza mhasibu wa mwaka wa kwanza, endapo kanuni ingetamka kwamba ni wajibu wake kuyauliza.

Nalisisitiza jambo hili kwa sababu hatari kubwa ya kampuni nyingi za kwetu imekaa hapo hapo, kwa mtu wa kati. Kampuni yenye jina haitoi bahasha yenyewe. Inamlipa wakala wa forodha, au mshauri wa zabuni, au yule anayeitwa "mtu wetu" pale wizarani. Kuna mkataba, kuna ankara, kuna risiti ya kielektroniki, na kodi ya zuio imekatwa. Kwenye vitabu kila kitu ni safi. Kwa hiyo kanuni inayosema tu kwamba mfanyakazi asitoe rushwa haimgusi mtu yeyote hapo, maana kila mmoja anaamini hajatoa rushwa, amelipa ada. Kanuni yenye manufaa inamtaka anayesaini malipo ya wakala aandike kwa mkono wake wakala huyo ni nani, nani wenye hisa, kazi aliyofanya ni ipi, na malipo yake yanalinganaje na kazi hiyo. Akishindwa kuandika, hakuna malipo.

Sasa tuone upande wa pili. Wafanyakazi wa Stanbic waliona jinsi fedha zile zilivyokuwa zikitoka. Benki yoyote ina taratibu za kutilia shaka akaunti mpya inayopokea mamilioni kisha yakatolewa taslimu, lakini msomaji aliyewahi kufanya kazi benki anajua uzito wa kunyanyua mkono katika hali kama ile: dili lilisimamiwa na wakubwa wao wenyewe, mteja alikuwa na uhusiano na kiongozi mkubwa wa umma, na mkopo ulikuwa wa Serikali. Walinyanyua mkono. Hoja yao ilitolewa tarehe 28 Machi 2013, ikapanda hadi makao makuu ya kundi Johannesburg, wanasheria wakaitwa, na tarehe 24 Aprili benki ikajipeleka yenyewe kwa chombo cha Uingereza kinachoshughulikia makosa makubwa ya ulaghai. Chini ya wiki nne zilipita tangu mfanyakazi aulize hadi kampuni kujiripoti.

Tarehe 30 Novemba 2015 Jaji Brian Leveson aliidhinisha makubaliano ya kuahirisha mashtaka, ya kwanza kabisa ya aina hiyo katika historia ya Uingereza. Kosa lenyewe lilikuwa kushindwa kuzuia rushwa, chini ya kifungu cha 7 cha sheria ya rushwa ya mwaka 2010. Kwa kifungu hicho kampuni inakuwa na hatia ikiwa mtu anayeifanyia kazi ametoa hongo kwa manufaa yake, hata kama wakubwa hawakujua. Ina utetezi mmoja tu: kuthibitisha kwamba ilikuwa na taratibu za kutosha za kuzuia. Standard Bank ilikuwa na taratibu, hazikutosha.

Hesabu yake ni hii. Benki ilirudisha ada ya dola milioni 8.4. Ikalipa faini ya dola milioni 16.8. Ikairudishia Tanzania zile dola milioni 6 pamoja na riba ya zaidi ya dola milioni moja, na ikabeba gharama za uchunguzi. Marekani nayo ikaitoza dola milioni 4.2, kwa sababu wawekezaji hawakuambiwa habari za malipo ya EGMA. Biashara iliyoingiza milioni 8.4 ikagharimu zaidi ya milioni 36, bila kuhesabu mawakili na miaka ya aibu.

Lakini itazame faini ile kwa karibu. Kabla ya punguzo ilikuwa milioni 25.2. Jaji aliondoa theluthi moja, yaani milioni 8.4, na alieleza wazi kwamba aliupa uzito mkubwa ukweli kwamba benki ilijitokeza yenyewe mapema. Zaidi ya hapo, haikutiwa hatiani. Benki yenye hukumu ya rushwa inaweza kufungiwa milango ya zabuni za umma katika nchi nyingi. Kwa hiyo swali la wale wafanyakazi lilikuwa na bei inayoweza kuandikwa kwenye mizania. Nawaomba wakurugenzi wetu, ambao kila mwaka hupunguza bajeti ya mafunzo ya maadili kwa madai kwamba haiingizi kitu, waitazame namba hiyo bila haraka.

Uingereza haiko peke yake. Marekani imekuwa ikipunguza adhabu kwa kampuni zenye mpango wa kweli wa maadili tangu mwongozo wake wa mwaka 1991. Jirani zetu Kenya, kwa Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016, kifungu cha 9, wamezilazimisha kampuni binafsi kuwa na taratibu za kuzuia rushwa kulingana na ukubwa wao na aina ya shughuli zao. Kampuni ya Kitanzania inayouza Nairobi haina budi kulijua hilo.

Na kama kuuliza kunaokoa, kumnyamazisha anayeuliza kunagharimu kiasi gani? Jibu liko Wells Fargo, benki kubwa ya Marekani. Ilikuwa na kanuni za maadili, na ilikuwa na namba ya simu ya kuripoti. Ilikuwa pia na malengo ya mauzo: kila mteja auziwe huduma nyingi kadiri iwezekanavyo, ikiwezekana nane. Waliobanwa na malengo wakaanza kuwafungulia wateja akaunti bila wao kujua. Septemba 2016 benki ilipigwa faini ya dola milioni 185, na ikakiri kwamba ilikuwa imefukuza wafanyakazi wapatao 5,300 katika kipindi cha miaka mitano. Mwaka uliofuata idara ya kazi ya Marekani iliamuru meneja mmoja arudishwe kazini na kulipwa takriban dola milioni 5.4. Alifukuzwa mwaka 2010, baada ya kutoa taarifa ya ulaghai alioushuku, kwa wakubwa wake na kupitia namba hiyohiyo ya maadili. Mwaka 2018 benki kuu ya nchi hiyo ikaizuia Wells Fargo isikue, na kizuizi hicho kikadumu hadi 2025. Hebu fikiri gharama ya benki kuzuiwa kukua kwa miaka saba, ilhali aliyeuliza ilikuwa imemfukuza tangu 2010.

Kutokana na kesi hizi mbili, kanuni za kampuni nazisoma kwa swali moja: mfanyakazi wa chini kabisa anaambiwa afanye nini, saa ngapi, na amwambie nani? Chukua jambo dogo. Desemba inafika, muuzaji wa vifaa vya ofisi anamletea ofisa manunuzi kapu la sikukuu: mchele, mafuta, juisi, na katikati bahasha ya "nauli ya watoto". Kanuni nyingi zinamwambia aepuke zawadi zinazoweza kuathiri uamuzi wake. Yeye anaona kabisa kwamba uamuzi wake hautaathirika, analipeleka kapu nyumbani. Andika badala yake kwamba fedha taslimu hazipokelewi kamwe, kwamba kapu linaandikwa kwenye daftari la zawadi siku hiyohiyo pamoja na jina la aliyelileta, na kwamba liko mapokezi, linagawanywa kwa wote. Muuzaji mwenyewe apewe barua mwezi Novemba kumjulisha. Hapo ofisa hahitaji ujasiri wa kukataa. Anaonyesha barua tu.

Njia ya kuripoti nayo ijengwe hivyo hivyo. Sanduku la maoni lililotundikwa mapokezi chini ya kamera halitapata karatasi hata moja. Taarifa inayomhusu meneja isipite kwa meneja, iende kwa mkaguzi wa ndani au kwa mjumbe wa bodi asiye mwajiriwa, na aliyeitoa ajulishwe ilipofikia. Tanzania tunayo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, lakini sheria hiyo inamlinda anayekwenda kwa mamlaka. Ndani ya kampuni, ulinzi wa mfanyakazi unategemea kile ambacho wenzake walikiona kikimpata aliyemtangulia. Akihamishwa Sumbawanga wiki mbili baada ya kuuliza swali, kampuni nzima imesoma kanuni za kweli.

Juma lijalo tutaiangalia bodi yenyewe: nani anamwuliza mwenyekiti wa kampuni ya familia pale mwanawe anapoleta zabuni.